Mwanzi, Mshipi na Perege wa Ngerengere

Bwawa la Mindu, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, lilijengwa ili mji wa Morogoro upate maji. Halikujengwa kwa ajili ya samaki. Lakini Ngerengere, Mzinga na Mlali, mito inayolijaza, ilikuwa na perege na kambale wake tangu zamani, na watu wa kando ya mito hiyo walikuwa na mianzi yao. Bwawa liliwapa maji mapana tu. Uvuvi walikuja nao.

Wenye mitumbwi na nyavu ndio wanaohesabiwa kwenye taarifa za samaki. Mimi nataka kumzungumzia mvuvi wa mwanzi, kwa sababu kwake ndiko mtoto anakofundishwa adabu ya maji.

Zana zake hazina gharama. Mwanzi mwembamba uliokauka vizuri, mshipi wa nailoni unaolingana nao kwa urefu, ndoana ndogo kwa kuwa mdomo wa perege nao ni mdogo, na kiboya kilichokatwa kwenye ndala iliyochakaa. Chambo ni nyungunyungu aliyechimbwa kwenye unyevu wa migombani, au tonge la ugali lililokandwa mpaka likashika. Mvua zikitoa kumbikumbi, kazi hubadilika. Perege huja juu kuwadaka, na mvuvi hufungua kiboya na chubwi, akamwacha kumbikumbi aelee mwenyewe kwenye mshipi uliolegea. Marekani wako wavuvi wanaowafuata samaki wadogo waitwao bluegill kwa mtindo unaofanana na huo, ila wao hufunga manyoya kwenye ndoana yafanane na mdudu. Huku mdudu mwenyewe yupo.

Perege hana pupa. Huonja, hutema, huonja tena. Kiboya hutetemeka, kinatulia, kisha kinaanza kusogea kando bila kuzama. Mtoto asiyezoea huvuta kinapotetemeka na kutoka na ndoana tupu. Aliyezoea hungoja kisogee, ndipo huinua mkono kidogo tu, maana akivuta kwa nguvu huupasua mdomo na samaki akaenda zake.

Ukimkuta mtu ameketi ukingoni, huendi kutupa ndoana yako pembeni ya yake. Unasalimu kwanza, tena kwa sauti ya chini.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Kaa chini, kivuli chako kimeshaingia majini.”

Katika maneno hayo mna heshima na mna ufundi kwa pamoja. Mtoto anakaa, anatazama, na akiruhusiwa ndipo anafungua mshipi wake. Samaki hutungwa kwenye ujiti kupitia matamvuani, na mtungo huo hubebwa wazi mpaka nyumbani, kila mtu njiani akiona kilichopatikana.

Liko jambo moja ambalo lingetosha kuupa mwanzi heshima yake. Msimu wa kuzaana ukifika, perege dume huchimba kwenye maji ya kina kifupi kiota cha duara mithili ya sahani. Jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai mdomoni na kuyalea humo mpaka vitoto viweze kuogelea. Hata vikishatoka, vikitishwa hurudi mdomoni mwa mama. Jike aliye katika hali hiyo ni nadra kugusa chambo. Ndoana humpita. Wavu haumpiti, na mmea wa utupa ndio kabisa: majani yake yakipondwa na kumwagwa mtoni, samaki hushindwa kutumia hewa iliyo majini, wakubwa kwa wachanga. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, na nadhani ni katika mambo ambayo sheria na mwenye mwanzi huyasema kwa sauti moja.

Adui mwingine ni tope. Mvua ikipiga miteremko iliyolimwa mpaka ukingoni, udongo hushuka bwawani na kufunika maji yale ya kina kifupi ambako perege huchimba viota. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka mtoni. Lakini wakazi wa milima ya Uluguru, yenye miteremko hiyo, wanakumbuka kulazimishwa: serikali ya kikoloni iliwaamuru wakate matuta ya ngazi, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakainuka kuyakataa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata upande huohuo. Kwa hiyo wenye kusema shamba lirudi nyuma hatua kadhaa kutoka mtoni ni mjomba na bibi, wakizungumza nyumbani na wajukuu walewale wanaoshuka na mianzi.