Theluji ikianguka, nani anasafisha njia? Mfano wa jiji la Minneapolis

Baadhi ya familia zilizowahi kuishi Nyarugusu, Kakuma au Nakivale sasa zinaishi Marekani na Kanada, katika miji ambayo theluji huanguka kwa miezi kadhaa. Kama una ndugu huko, huenda umemsikia akilalamika kuhusu gari lililovutwa usiku au gharama ya kusafisha njia. Makala haya yanaeleza utaratibu huo ulivyo. Ni maelezo tu, hayahusiani na maombi yako ya kuhamishiwa nchi ya tatu.

Tunatumia mfano wa Minneapolis, jiji la jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Jambo kuu ni hili: kazi imegawanywa. Jiji linasafisha barabara, na mwenye nyumba anasafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake. Ni kama mfereji wa maji ya mvua unaopita mbele ya nyumba yako: usipouzibua, jirani naye anapata shida.

Barabara: kazi ya jiji

Theluji ikiwa nyingi, jiji hutangaza hali ya dharura ya theluji. Magreda na malori yenye bamba kubwa la chuma mbele husukuma theluji pembeni. Hayawezi kufika ukingoni kama magari yameegeshwa hapo, kwa hiyo maegesho yanazuiwa kwa zamu ya siku tatu:

• Siku ya kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi: usiegeshe upande wowote wa barabara kuu zilizowekewa alama maalumu za dharura ya theluji.
• Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku: katika mitaa isiyo na alama hizo, usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa (2, 4, 6).
• Siku ya tatu, saa hizo hizo: usiegeshe upande wa nyumba zenye namba witiri (1, 3, 5).

Ukikiuka, unaweza kupigwa faini na gari kuvutwa hadi yadi ya jiji. Kulitoa huko unalipia pia gharama ya kulivuta na kulihifadhi. Anayefanya kazi zamu ya usiku ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu tangazo linaweza kutoka akiwa amelala. Theluji ikianza kuanguka, angalia tangazo la jiji kabla ya kuegesha.

Njia ya waenda kwa miguu: kazi ya mwenye nyumba

Kwa nyumba ya familia moja au mbili, sheria inatoa saa 24 baada ya theluji kukoma. Majengo makubwa ya kupangisha na maduka yanapewa saa 4 tu za mchana. Safisha upana wote wa njia, hadi sakafu ionekane. Nyumba ya kona husafisha pia sehemu ya kuvukia barabara, hata kama theluji hiyo imerundikwa na greda. Hairuhusiwi kuitupa theluji barabarani.

Jiji likipata malalamiko, hukagua na kutoa taarifa kwa mwenye nyumba. Njia ikiendelea kuwa chafu, jiji hutuma wafanyakazi wake kuisafisha, kisha humdai mwenye nyumba gharama.

Ukiwa mpangaji, soma mkataba wako. Katika jengo kubwa, kwa kawaida uongozi wa jengo ndio unaosafisha. Katika nyumba ndogo, mkataba unaweza kusema kazi hiyo ni yako. Kama huelewi lugha ya mkataba, muulize mfanyakazi wa shirika lililokupokea kabla ya kutia saini.

Kwa nini ni jambo zito?

Theluji ikikanyagwa hugeuka barafu ngumu. Mzee akiteleza anaweza kuvunjika nyonga. Mtu wa kiti cha magurudumu, au mama mwenye kigari cha mtoto, akikuta njia imeziba hulazimika kupita barabarani pamoja na magari.

Safisha mapema, kabla watu hawajaikanyaga. Tumia koleo pana, na sukuma badala ya kuinua. Theluji iliyolowa ni nzito, na kuinyanyua kunauchosha sana moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu aombe msaada.

Chumvi huyeyusha barafu, lakini baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida haifanyi kazi vizuri. Hapo tumia mchanga ili watu wasiteleze. Usimwage chumvi ovyo: kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua lita 19 za maji, na chumvi hiyo huishia mitoni na maziwani.

Kila mji una sheria yake

Winnipeg, Kanada, jiji lenyewe hupitisha mashine kwenye njia za waenda kwa miguu. Calgary, nchi hiyo hiyo, mwenye nyumba hupewa saa 24. Usichukue sheria ya mji wa ndugu yako ukadhani ni ya kwako.

Minneapolis, namba ya kuuliza huduma za jiji ni 311, na unaweza kuomba mkalimani. Ukihamia mji wowote wenye theluji, uliza maswali matatu kabla ya baridi kuanza: Nani anasafisha mbele ya nyumba yangu? Nina saa ngapi? Gari niliegeshe wapi theluji ikianguka?