Mwezi wa ine na wa tano: uangalie mulima mbele ya kushuka soko

Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi, teritware ya Kalehe. Wamama walikuwa wameshuka na mizigo yao kama kila juma. Mvua kali ikapiga milimani, mito ikafurika, ikateremsha mawe, miti na matope mpaka Ziwa Kivu. Nyamukubi na Bushushu zikafunikwa. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi mno hawakuonekana tena.

Kwa nini miezi hii? Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa. Wakati maharagi ya saizoni B yanachanua, udongo umekwisha kunywa maji miezi mingi na hauna tena nafasi ya kuyapokea. Mvua ambayo mwezi wa kumi ingepita bila shida, sasa inaweza kuangusha kilima. Na jua la asubuhi lisikudanganye: hapa kwetu wingu linajengeka muchana, mvua inapiga alasiri. Basi, kama koperative inakusanya mazao, ikusanye mapema, na watu wa mbali warudi mbele ya saa nane.

Kilima hakianguki bila kusema. Ufa mpya juu ya shamba, miti inayoinama upande mmoja, chemchemi inayotokea pahali ambapo haikuwa, mulango wa nyumba unaokataa kufunga: hizo ni alama. Ile mbaya kuliko zote ni muto kupunguka gafula wakati mvua ingali inanyesha. Wengi wanafurahi, wanavuka. Kumbe huko juu udongo umeziba muto, na maji yanangojea kubomoa. Usivuke! Ukisikia ngurumo isiyokwisha, usikimbie kufuata bonde kwenda chini. Toka kwa upande, upande juu ya ukingo. Muzigo uache. Muhogo utalimwa tena.

Kuhusu mitaro ya kuzuia mmomonyoko, wazee wengine hawaipendi hata leo, kwa sababu Wabelgiji waliichimbisha kwa lazima. Lakini mitaro inasaidia udongo wa juu usichukuliwe, kama inasafishwa na kupandwa matete pembeni. Shida ni pahali palipo na ufa: mtaro unaoshika maji pale unayaingiza ndani ya kilima. Maji ya pahali hapo yapewe njia ya kutoka, yapelekwe pembeni, na ufa ujazwe udongo na kushindiliwa. Na wale wanaokata miti ya makala: mizizi inaendelea kushika udongo kidogo, kisha inaoza. Kilima kinaweza kuanguka miaka miwili ao mitatu nyuma ya shoka, wakati kila mutu amekwisha kusahau.

Jambo moja halina bei kubwa. Kila koperative ichague wanamemba wawili wanaokaa juu karibu na muto, na wawili wanaokaa chini karibu na soko, wapeane namba za simu. Siku ya mvua, wa juu apige simu ao filimbi mara tu maji yanapobadilika rangi. Wa chini asingojee kuona kwanza.