Kazi Yako Uipime Mwenyewe Kwanza

Mwezi wa Juni hapa Viwanja Sitini, na katika bonde lote la Kilombero, ni mwezi wa mpunga. Jamaa wengi wangali mashambani, madungu yao waliyokaa wakiamia ndege hayajabomolewa, na magunia yaingia mjini Ifakara mchana na usiku. Lakini watumishi wa serikali wana mavuno mengine mwezi huo huo, maana mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na kila mmoja hutakiwa kutoa hesabu ya kazi aliyoifanya tangu Julai.

Jioni moja ya Juni 2019 jirani yangu, mwalimu wa Darasa la Pili, alikuja kwangu na karatasi mkononi. Sisi wawili twaitana "Mwalimu", yeye kwa ajili ya shule na mimi kwa ajili ya katekisimu, hata wageni hutucheka. Akaniamkia, akaketi, akasema, "Mwalimu, naomba unisaidie mwandiko. Hii ni fomu yangu ya mwaka jana, na hii ni tupu. Unakili tu, ubadili miaka."

Nikaanza kunakili. Fomu ya zamani ilisema ya kwamba watoto wote wa darasa lake watajua kusoma ifikapo Juni. Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini.

"Mwalimu, wamejua?"

"Wengi wamejua."

"Wengi ni wangapi?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akakiri ya kwamba hajui, kwa kuwa hakuwahi kumsikiliza kila mtoto peke yake. Darasa limejaa, nao husoma wote pamoja kwa sauti moja. Na katika sauti ya wengi, asiyejua hufumbua kinywa kama ajuaye. Basi nilimaliza kunakili, akaenda zake. Jambo hilo halinipi sifa, nami sikulala vizuri.

Yafaa nieleze fomu yenyewe, maana wasomaji wengine hawakuwa watumishi wa serikali. Iliitwa OPRAS, na kwa Kiswahili MWAMTUKA, yaani Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Ililetwa mwaka 2004. Neno la kutazama hapo ni "wazi". Zamani mkubwa wa kazi aliandika habari za mtu wake kwa siri, na mwenyewe hakujua ameandikwa mema au mabaya. Kwa MWAMTUKA mtumishi na mkubwa wake walipatana malengo mwanzoni mwa mwaka. Desemba wakatazama wamefika wapi. Na Juni mtumishi alijipa alama yeye mwenyewe kwanza, ndipo mkubwa akampa zake, kisha wakapatana. Alama 1 ilikuwa ya kazi bora kabisa, na 5 ya kazi mbaya sana.

Mimi naona hiyo ilikuwa heshima kubwa, mtu kuulizwa habari za kazi yake kabla ya kuhukumiwa. Walakini wengi waliipokea kama ushuru: hutolewa mara moja kwa mwaka, ukiisha kutolewa husahauliwa. Na wakubwa nao, si wote, walitia sahihi bila kusoma.

Najua watakaonijibu, tena wana haki. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kupandisha watumishi madaraja ili ihakiki orodha yake, na watu waliofanya kazi kwa jasho wakakaa palepale pamoja na wavivu. Mwezi wa Aprili 2017 ikatangazwa ya kwamba watumishi 9,932 wameonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Aliyesoma kweli kweli na kungoja daraja lake kwa uaminifu alikuwa na sababu ya kunung'unika. Sitasema asinung'unike. Nasema tu ya kwamba daraja limo mikononi mwa mwingine, lakini kujua kama watoto wako wanasoma kumo mikononi mwako, na mkubwa mwema au mbaya hawezi kukuondolea.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasomeshwa Kiungani katika shule ya misioni ya Waanglikana. (Hakuwa wa Kanisa letu, lakini sifa njema haina dhehebu.) Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa karani wa serikali ya Waingereza huko Tanga. Siku zile hapakuwa na fomu ambayo Mwafrika aliulizwa ajionaje katika kazi yake. Alama zote zilikuwa za Mzungu. Kayamba hakungoja kuulizwa. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, makarani na walimu, Wakristo na Waislamu, wapate kukutana na kuinuana katika elimu. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamgira, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Turudi kwa jirani yangu. Julai 2019, fomu mpya ilipotoka, alikuja tena, safari hii na daftari. Akasema, "Mwalimu, lile neno lako lilinichoma. Nianzie wapi?" Mimi si mtaalamu wa kufundisha kusoma, nikamwambia hivyo. Tukakubaliana jambo moja tu: kila siku awasikilize watoto watano, mmoja mmoja, wakati wenzao wanaandika, na aandike mbele ya kila jina lile alilolisikia kwa masikio yake, si lile analolitumaini.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mchungu. Alikuta watoto aliowadhani wasomaji hodari ambao walikuwa wameshika ukurasa kwa moyo. Ukifunika picha, hawajui neno. Alikuta wengine wasioweza kuunganisha silabi. Mmoja alikuwa haoni vizuri ubaoni, na hilo halikuhitaji elimu kubwa, alisogezwa mbele. Lakini jambo lililomwumiza zaidi lilikuwa lake mwenyewe: hakujua namna ya kumsaidia mtoto anayechanganya herufi. Chuoni alifundishwa, akasahau, au hakufundishwa. Hata leo hana hakika. Angaliweza kuficha, maana nani angejua? Akaenda kwa mwalimu mmoja mzee aliyestaafu, ambaye maisha yake yote alifundisha Darasa la Kwanza, akakaa naye Jumamosi kadhaa kama mwanafunzi. Alipeleka mchele, yule mama akakataa kuupokea. Akasema hajaombwa kufundisha tangu astaafu, na kwamba zawadi hiyo yamtosha.

Januari 2020 alipokea darasa jipya, akaanza daftari upya. Tarehe 17 Machi shule zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, zisifunguliwe hata tarehe 29 Juni. Watoto wakarudi, na walimu wengi hawakuwa na njia ya kujua waliachia wapi. Wengine walirudia yote, wengine waliruka. Yeye alifungua daftari lake. Huyu alikuwa amefika silabi za herufi mbili, huyu alikuwa akisoma sentensi fupi. Aliwasikiliza tena juma lile, akaona nani amerudi nyuma na kwa kiasi gani, akaanzia hapo.

Fomu ilikuwa ifungwe siku hizo hizo. Mwalimu Mkuu, mtu mwema, alitaka kumpa alama 2, akisema mwaka ulikuwa mgumu kwa wote. Yeye alikuwa amejiandikia 3. Akamwonyesha majina ya watoto ambao hawajajua, akasema, "Nikipata 2, hawa nitawaweka wapi?" Wakapatana 3. Daraja hakupandishwa mwaka ule, wala sijui kama ile 2 ingalimpandisha. Mumewe alimlaumu kidogo, na mimi siwezi kumshangaa mtu mwenye ada za kulipa.

Habari hizi zilinirudia mwenyewe. Katekista hana fomu. Paroko hutuuliza idadi ya watoto walio tayari kwa Komunyo ya Kwanza, nasi tunataja idadi. Nilinunua daftari langu, nikamwita kila mtoto peke yake barazani pa kanisa, nikamwomba anieleze kwa maneno yake, si kwa maneno ya katekisimu, ni nini atakachopokea. Walioweza kujibu kwa ufasaha maswali yote kwa pamoja, wengine wakaniangalia tu. Nilikwenda kwa Paroko kumwomba tuahirishe kwa baadhi yao miezi mitatu. Wazazi waliokwisha kushona nguo nyeupe hawakufurahi, na mama mmoja hakunisalimu mpaka Krismasi.

Siku hizi MWAMTUKA imekwisha. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 watumishi wa serikali huandika kazi zao katika mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, ambao wengi huingia kwa simu, na hawangoji tena Juni. Wakubwa huona mambo yakiandikwa mwaka mzima. Mtandao ukisumbua, jirani yangu hana wasiwasi, maana ya siku ile yamo daftarini tayari. Huyaingiza jioni mtandao ukirudi. Daftari la sasa ni la sita. Lile la kwanza alilitoa kwa mwalimu kijana aliyehamia shuleni kwao mwaka jana, naye amekwisha kuuliza nyumba ya yule mama mzee iko wapi.