Utumbo Msumbufu na Kufunga Choo: Nyuzinyuzi Si za Aina Moja (Sehemu ya Pili)

Mgonjwa wa utumbo msumbufu wa aina ya kufunga choo, yaani mtu ambaye kwa miezi mitatu tumbo limemuuma angalau siku moja kila wiki, maumivu yakaandamana na choo kigumu kama cha mbuzi, ilhali vipimo havioni kidonda wala uvimbe, hushauriwa karibu kila mahali ale pumba. Ushauri huo una asili ya heshima, tena ya Afrika Mashariki, lakini kwa mgonjwa huyu haufai kufuatwa bila kuchagua.

Asili yake ni kazi ya Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyehudumu Uganda tangu 1946 hadi 1966, na Hugh Trowell, tabibu aliyetumika Kenya na Uganda kwa takribani miaka 30. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vilivyoonyesha kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa kinyesi cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni mwao kwa saa 36 hivi, huku kundi la Waingereza waliopimwa likitoa gramu 100 hivi baada ya siku tatu na zaidi. Tofauti hiyo waliihusisha na nyuzinyuzi, sehemu ya mimea isiyosagwa na tumbo la mwanadamu. Hata hivyo, waliopimwa walikuwa watu wenye afya, si wagonjwa ambao utumbo wao huhisi maumivu hata kwa gesi kidogo.

Nyuzinyuzi ni za namna mbili. Zipo zinazoyeyuka majini na kuwa ute unaolainisha choo, na zipo ngumu zisizoyeyuka, kama pumba, ambazo huukwaruza utumbo na kuusukuma. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba maganda ya mbegu za isabgoli, yenye ute mwingi, yaliwapa wagonjwa nafuu, ilhali wengi waliopewa pumba za ngano waliacha mapema kwa sababu hali zao zilizidi kuwa mbaya.

Kwa mkazi wa Ikinga wilayani Ileje, au wa Tunduma, ute huo hauhitaji kununuliwa dukani, kwa kuwa upo katika mlenda na bamia, na nyuzi laini nyingine zimo katika papai, machungwa na karoti. (Magadi yanayotiwa katika mlenda yapunguzwe, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, kwani yana sodiamu nyingi.) Dona ni bora kuliko sembe, ambayo imekobolewa ganda na kiini, lakini anayehama aanze kwa kuchanganya unga wa aina zote mbili na kuongeza dona polepole kwa majuma kadhaa, akinywa maji ya kutosha. Parachichi lina faida, ila kipande kidogo kinatosha. Maharage ndiyo yenye utata zaidi: yana sukari ambazo mwili hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na tumbo hujaa gesi. Kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji hayo na kuyachemsha kwa maji mapya hupunguza sukari hizo, na huo ni msaada mkubwa kuliko kuyaacha kabisa katika nyumba ambayo hutegemea maharage kwa protini.

Utumbo mpana husukuma kwa nguvu zaidi baada ya kifungua kinywa, kwa hiyo haja isicheleweshwe wakati huo. Choo cha kuchuchumaa, kinachodharauliwa bure, hunyoosha njia ya haja kubwa. Sanamaki na shubiri hukoroga utumbo kwa nguvu na huleta msokoto, hivyo si dawa za kila siku. Mwenye damu katika choo, anayekonda bila sababu, mwenye upungufu wa damu, au aliyeanza kuugua akiwa amevuka miaka 50, aende hospitali kabla ya kubadili chakula chochote. Dawa za hospitali zitaelezwa katika sehemu ya tatu.