"Deadline": Mstari uliokuwa ukiua

Katika chumba chetu cha habari, neno la Kiingereza "deadline" halipiti siku bila kutajwa. Mhariri akiuliza dedlaini ni saa ngapi, anataka kujua taarifa itakuwa tayari lini. Mwanafunzi wa chuo analijua, mlipakodi analijua, na anayeomba kazi ndiyo kabisa. Lakini ukilifasiri moja kwa moja unapata "mstari wa kufa". Kwa nini siku ya mwisho ya kurudisha fomu ibebe jina zito namna hiyo?

Ni kwa sababu mstari huo ulikuwepo kweli, na waliouvuka walikufa.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), majimbo ya Kusini yaliyojitenga yalifungua kambi ya wafungwa wa kivita huko Andersonville, jimboni Georgia, mwezi Februari 1864. Ilizungushiwa ukuta wa magogo marefu. Ndani yake, mita kama sita kutoka ukutani, palikuwa na uzio mwepesi wa mbao, wa kimo cha chini, ambao mtu angeweza kuuruka bila taabu. Huo ndio ulioitwa "deadline". Aliyeuvuka, au hata kunyoosha mkono upande wa pili, alipigwa risasi na walinzi waliokaa juu ya ukuta, bila onyo.

Na sababu za kuuvuka zilikuwepo. Kijito kilichopita katikati ya kambi kilijaa uchafu, na wenye kiu walitafuta maji safi kidogo karibu na uzio. Wafungwa wapatao 45,000 walipitia Andersonville. Karibu 13,000 walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Baada ya vita, mkuu wa gereza hilo, Henry Wirz, alishtakiwa mjini Washington. Mstari ule ulitajwa tena na tena mahakamani, na magazeti yakaripoti. Wirz alinyongwa tarehe 10 Novemba 1865.

Mwanzoni mwa karne ya 20 tunalikuta neno hilo mahali penye amani zaidi: kwenye viwanda vya uchapaji. Huko lilikuwa alama kwenye mashine. Herufi zikipangwa nje yake, hazichapiki vizuri. Kufikia miaka ya 1920, waandishi wa magazeti ya Marekani walikuwa wakilitumia kwa maana ya saa ambayo habari ikiichelewa, haiingii gazetini. Kutoka hapo likasambaa maofisini na mashuleni.

Kiswahili hakikuhitaji kumwua mtu. Tunasema "siku ya mwisho", au "makataa", neno linalotokana na kukata, kama shauri linavyokatwa. Sisi tunapenda "makataa", na hulisoma mara kwa mara kwenye taarifa za migomo. Ila saa ya matangazo ikikaribia, tunakiri, kinachosikika humu ndani bado ni "dedlaini".