Oili Inapovuja: Tone Huanzia Wapi?

Madereva wa Land Rover za zamani hupenda kutania kwamba gari lao lisipodondosha oili, basi oili imekwisha. Utani huo una ukweli ndani yake. Injini ikikaukiwa, vyuma husuguana pasipo utando wa kuvitenganisha, joto hupanda, na beringi za krankshafti huweza kuharibika katika muda wa dakika chache. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, msomaji na achomoe kwanza kijiti cha kupimia oili.

Hebu tufanye hesabu. Tukikadiria kwamba matone 20 hufanya mililita 1, injini idondoshayo tone moja kila sekunde 10 hupoteza matone 360 kwa saa, yaani mililita 18. Lita moja itapotea kwa saa 56 hivi za mwendo. Katika magari mengi madogo, lita hiyo ndiyo tofauti iliyopo baina ya alama ya juu na ya chini ya kijiti. Upo wasaa wa kuchunguza, lakini si wa kupuuza.

Tandaza katoni chini ya gari usiku kucha. Oili ya injini ni ya hudhurungi au nyeusi, nayo huteleza vidoleni. Kimiminiko chepesi kionekanacho karibu na gurudumu huenda kikawa mafuta ya breki. Gari hilo lisiendeshwe kamwe.

Doa la katoni, hata hivyo, halionyeshi chanzo. Oili huteremka kwa uzito wake, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa kawaida chanzo ni mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi. Wengi hubadilisha gasketi ya bakuli la oili lililo chini, kumbe oili yatiririka kutoka kifuniko cha vali kilicho juu. Basi injini ikiwa baridi, funika sehemu za umeme kwa plastiki, uisugue kwa brashi na maji ya sabuni, uiache ikauke. Nyunyiza poda ya watoto penye maungio, kisha endesha kilomita 20 hivi. Mwendo huo ni wa lazima, kwani mnato wa oili hupungua kwa joto, na upenyo usiopitisha oili baridi huipitisha ikiwa moto. Michirizi katika poda itakuonyesha njia.

Atakayeingia chini ya gari asitegemee jeki peke yake. Aweke stendi imara.

Boliti za kifuniko cha vali zikazwe kidogo kidogo na kwa kupishana. Mwenye kukaza kwa nguvu zote hupinda bati na kuiminya gasketi hadi ipasuke, na uvujaji huzidi. Gasketi iliyokakamaa ibadilishwe, na nyuso zote mbili zisafishwe kabisa. Penye chujio, tazama kama mpira wa chujio la zamani ulibaki umegandamana na injini: mipira miwili ikipandana, oili hufoka. Oili utakayoikinga usiimwage ardhini wala kuishika ovyo, kwani ile iliyotumika ina kemikali za mwako ambazo baadhi yake huweza kuleta saratani. Sili ya nyuma ya krankshafti, iliyo baina ya injini na giaboksi, ni kazi ya fundi.

Liko jambo ambalo husahauliwa hata na mafundi wazoefu. Gesi kidogo za mwako hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka mpaka sehemu ya chini ya injini. Hizo hutolewa kwa bomba la kupumulia. Bomba likizibwa na masizi, shinikizo hupanda na kuisukuma oili nje hata kupitia sili mpya. Mwenye gari hununua sili ya pili, kisha ya tatu, ilhali kosa li katika bomba la bei ndogo. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma taratibu. Pumzi hafifu si neno. Moshi ukifoka kwa nguvu, safisha bomba hilo na vali yake, urudie jaribio. Ukiendelea kufoka, ringi au silinda zimelika, na hapo hakuna gasketi itakayofaa kitu.