Mkono wa Babu haukuwa na mrithi

Sharti lenyewe lilikuwa dogo, na limenikaa kichwani kuliko foleni, helikopta na vumbi la Samunge: dawa ya kikombe ilitakiwa kuchotwa na Babu wa Loliondo mwenyewe. Wasaidizi waliweza kuchimba mizizi, kuchanja kuni, kuchemsha, hata kupeleka vikombe vya plastiki mpaka kwenye madirisha ya magari. Kuchota, hapana. Tena ilinywewa palepale. Aliyeitia kwenye chupa ampelekee mama yake aliyelala hoi nyumbani, kwa maelezo ya Babu, alikuwa amebeba maji ya mizizi tu.

Mengine tunayakumbuka wote. Babu, yaani mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, mwaka 2011 akiwa na miaka 76; kikombe kimoja, mara moja tu, shilingi 500; Ukimwi, kisukari, saratani, pumu, presha. Samunge, kijiji cha Wasonjo upande wa Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, kikawa na wageni kuliko wenyeji, mawaziri wakiwamo.

Ila ule mkono! Babu aliueleza kwa upole wa mtu asiyeona haja ya kubishana. Alisema ameoteshwa na Mungu: akaonyeshwa mti, akaonyeshwa namna ya kuuandaa na bei ya kutoza. Hakudai kwamba yeye ndiye anayeponya. Hakudai hata kwamba mti unaponya. Mti wenyewe, mugariga, haukuwa siri ya mtu. Wamasai huuita olamuriaki, na mizizi yake ilikuwa dawa katika maboma mengi kabla Babu hajahamia Samunge. Nguvu, alisema, ni neno la Mungu lililowekwa katika dawa ile, naye ndiye aliyetumwa kuitoa. Kwa hiyo mtu mwingine akichemsha mizizi ileile, katika sufuria ileile, anapata chai chungu.

Fikiria hesabu yake. Maelfu ya wagonjwa, mkono mmoja wa mzee. Magari yalipanga foleni ambayo ripoti za wakati ule ziliipa hadi kilomita 26, na zaidi ya watu 50 walitajwa kufa wakisubiri. Mwishoni mwa Machi 2011 Babu mwenyewe aliomba watu wasiende kwanza, waliokwisha kufika wahudumiwe. Serikali ilihangaika na barabara, vyoo na maji. Mimi nadhani tatizo halikuwa barabara. Dawa ingeruhusiwa kuingia kwenye chupa, ingeuzwa Kariakoo ndani ya wiki moja, na Samunge ingelala usingizi wake.

Kinachonitatiza ni kwamba jambo hili lilitokea mahali ambapo uwezo wa namna hiyo una ukoo. Hapo Karatu, kwa Wairaqw, qwaslarmo, yule anayeulizwa juu ya mvua na maradhi ya nchi, hutoka katika ukoo unaofahamika. Wasonjo wana wenamiji, wazee wa mifereji, ambao nafasi zao baba humwachia mwana. Na Loliondo kwenyewe ni nchi ya laiboni wa Kimasai wa ukoo wa Inkidongi. Husimuliwa kwamba laiboni mkuu Mbatiany, uzeeni, alimwambia mwanawe Sendeyo aje alfajiri apokee vifaa vya ulaiboni. Olonana akasikia, akamtangulia kaka yake gizani, akavichukua yeye. Ndugu hao walipigana miaka mingi, Sendeyo akibaki na watu wa Loita. Kwa Inkidongi, basi, uwezo huweza kuibwa hata na ndugu, kwa sababu unakaa kwenye pembe, kibuyu na mawe. Una mahali pa kushikwa. Wa Babu haukuwa na mpini.

Waliojaribu kumwiga walijua hilo. Vikombe vingine vilipochipuka Mbeya, Tabora na kwingineko mwaka uleule, wenyewe hawakujitangaza kuwa wanafunzi wa Babu. Kila mmoja alisema naye ameoteshwa.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliichunguza dawa ile. Kunyweka ilinyweka, kuponya ni habari nyingine. Wapo waliotoka Samunge wakaacha ARV kwa kuamini wamepona, na madaktari wakawapokea tena wakiwa taabani. Wengine hawakurudi hospitali kabisa. Siwezi kuandika juu ya upole wa Babu nikawaruka hao, wala siwezi kumwita tapeli mzee aliyetoza shilingi 500 wakati wenye magari walikuwa wakijaza mifuko kwa nauli za Samunge.

Alifariki tarehe 30 Julai 2021. Mugariga bado upo porini, maelezo ya kuuchemsha yanajulikana, na waliokuwa wakikata kuni pale wapo hai. Kama uwezo haukuwa wake, kama alivyosisitiza siku zote, kwa nini uliondoka naye? Nimewauliza wachungaji wawili. Mmoja alicheka, wa pili aliniambia nikamuulize aliyemwotesha.